UCHANGANUZI: Dalali wa magari ya kale humtumikia nani hasa?

JUMAMOSI ya Agosti 17, 2019, ukumbi wa mnada wa kampuni ya RM Sotheby's mjini Monterey, jimbo la California, ulifurika matajiri na wapenzi wa magari. Lililosubiriwa kwa hamu usiku huo lilikuwa Porsche Type 64, gari lililoundwa zama za kuzuka kwa Vita vya Pili vya Dunia, kabla ya kampuni ya Porsche kuanza kuuza magari kwa jina lake. Ilikadiriwa kwamba lingepata takriban dola milioni 20 za Marekani.

Mnadi alifungua kwa dola milioni 13. Aliyekuwa akiendesha skrini alisikia milioni 30. Milioni 14 ikaandikwa 40, milioni 15 ikawa 50, na ukumbi ukazidi kushangilia hadi skrini ilipofika milioni 70. Hapo ndipo mnadi alipotanabahi na kusahihisha: dau lilikuwa milioni 17. Vifijo viligeuka kuwa mazomeo, watu wakaanza kutoka, na gari halikuuzwa kwa kuwa dau halikufikia kima cha chini kilichowekwa na mwenyewe. Kampuni ilieleza kwamba matamshi yalisikika vibaya na kwamba haukuwa mzaha. (Kwa Kiswahili, kumi na tatu na thelathini hazikaribiani hata kidogo, kwa Kiingereza cha Mholanzi zilifanana kama shilingi kwa ya pili.)

Video ya tukio hilo ilizunguka dunia nzima na wengi wakacheka. Aliyesahaulika ni mwenye gari. Bidhaa iliyododa hadharani, mbele ya wanunuzi wote wakubwa wa aina yake, haiwezi kurudishwa sokoni wiki inayofuata kana kwamba hakuna lililotokea. Kila atakayeulizwa kulinunua atauliza kwanza ni kwa nini lilikataliwa Monterey.

Mkasa huo unafungua mlango wa suala ambalo kwa miaka mingi limekuwa likiwapeleka watu mahakamani Uingereza, Marekani na kwingineko. Je, dalali wa mnada humtumikia nani? Yule aliyemkabidhi gari, yule anayelipa, au yeye mwenyewe?

Fedha zinazohusika si za kununulia ndizi. Mnamo Agosti 2018, Ferrari 250 GTO ya mwaka wa 1962 iliuzwa na RM Sotheby's kwa dola milioni 48.4. Mei 2022, Mercedes-Benz 300 SLR ya mwaka wa 1955 iliuzwa mjini Stuttgart, Ujerumani, kwa euro milioni 135. Kampuni zilizozoea kunadi michoro ya wasanii mashuhuri nazo zimeingia: Sotheby's ilinunua robo ya hisa za kampuni ya RM mwaka wa 2015, na mwaka wa 2024 Christie's ikainunua Gooding & Company ya California. Penye mali ya kiwango hicho, mawakili hawako mbali.

Kwa mujibu wa sheria, jibu la swali letu ni rahisi. Dalali ni wakala wa muuzaji. Ana wajibu wa uaminifu kwake: amtafutie bei bora, amweleze ukweli, asijinufaishe kwa siri, asimfiche jambo linalohusu mali yake. Mnunuzi ni mtu wa nje.

Lakini hebu tuangalie hesabu. Chukua gari lililogongewa nyundo kwa pauni milioni moja. Kampuni ikitoza ada ya mnunuzi ya asilimia 12, mnunuzi atalipa pauni milioni 1.12. Kamisheni ya muuzaji ikiwa asilimia 5, muuzaji atapokea pauni 950,000, kabla ya kukatwa gharama za usafiri, bima na picha za katalogi. Kampuni imebaki na pauni 170,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo, yaani 120,000, imetoka kwa yule ambaye kisheria si mteja wake. Isitoshe, mwenye kuuza gari huenda akauza mara moja tu maishani, pengine kwa sababu mzee amefariki na warithi wanataka kugawana. Mnunuzi mkubwa hurudi kila mwaka. Dalali hahitaji kuwa mwovu ili aanze kumwegemea anayerudi.

Mvutano huo ulianikwa peupe katika kesi ambayo haikuhusu magari, lakini ambayo kila wakili wa mambo ya minada huitaja. Mei 1981, kampuni iitwayo Cristallina iliikabidhi Christie's michoro minane ya wasanii wa Ulaya inadiwe jijini New York. Uliuzwa mmoja tu. Hata hivyo, mkuu wa Christie's mjini humo, David Bathurst, alitangaza kuwa mitatu ilikuwa imeuzwa. Mwaka wa 1985 alikiri kwamba hakusema kweli na akajiuzulu. Mahakama ya rufaa ya New York ilipoamua mwaka wa 1986 kwamba kesi ya Cristallina iendelee, ilisisitiza kuwa kampuni ya mnada ina wajibu wa wakala mwaminifu kwa muuzaji. Dalali anayejua kwamba kima cha chini ni cha juu mno, au kwamba mali haifai kunadiwa hadharani, hawezi kunyamaza kwa kuwa tu anataka kupata biashara.

Hiyo ndiyo silaha kubwa ya muuzaji. Tatizo ni kwamba kabla ya kuitumia ni lazima apite katika mkataba aliotia saini.

Mikataba hii hufanana sana kutoka kampuni moja hadi nyingine. Kampuni hujipa haki ya kuliondoa gari mnadani wakati wowote ikiwa na shaka kuhusu umiliki au historia yake. Muuzaji akiliondoa, hulipa faini. Kampuni huandika maelezo ya katalogi. Yakiwa na kasoro, muuzaji ndiye anayeahidi kuilipia hasara. Mnunuzi asipolipa, kampuni hailazimiki kumlipa muuzaji kutoka mfukoni mwake. Nayo kampuni ikifilisika baada ya kupokea fedha za mnunuzi na kabla ya kumkabidhi muuzaji, basi muuzaji hujiunga na foleni ya wadai wengine, isipokuwa fedha hizo ziwe ziliwekwa katika akaunti maalumu ya amana.

Si kwamba masharti hayo yote ni dhuluma. Madalali nao wana kidonda chao, na kidonda hicho kina jina: gari la wizi.

Mwaka wa 1978 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi kati ya wafanyabiashara wa magari, R. H. Willis and Son, na kampuni ya British Car Auctions. Mtu alichukua gari kwa mkataba wa kulipa polepole, akalipeleka mnadani kabla ya kumaliza deni. Dau halikufikia kima cha chini, lakini wanadi walimshawishi akubali bei iliyotajwa, na gari likauzwa na kutoweka. Kampuni ya mnada haikujua lolote kuhusu deni hilo. Jaji Denning na wenzake waliamua kwamba hilo halikuwa na uzito: dalali aliyesaidia kuuza mali isiyo ya muuzaji anawajibika kwa mwenye mali, hata kama hana hatia yoyote moyoni. Tangu hapo haishangazi kuona madalali wakidai kwamba muuzaji aahidi kuwafidia kwa kila jambo chini ya jua.

Magari ya kale huchochea hatari hiyo kuliko bidhaa nyingi. Gari la mwaka wa 1935 limepitia vita, mipaka, talaka, mufilisi na gereji zisizohesabika. Mfano ni Mercedes-Benz 500K iliyokuwa ya mwenye kiwanda Mjerumani, Hans Prym. Ilichukuliwa kutoka kwake vita vilipokwisha mwaka wa 1945, ikavuka bahari na kuingia katika hazina za watu wa Marekani. Agosti 2011 ilinadiwa California na kampuni ya RM na kununuliwa na mkusanyaji wa Uholanzi kwa zaidi ya dola milioni 3.7. Mnunuzi alipoipeleka katika maonyesho ya magari mjini Essen, Ujerumani, mwaka wa 2012, warithi wa Prym waliizuia kwa amri ya mahakama, na mahakama za huko zikaamua kwamba ni yao. Zaidi ya miaka 65 haikutosha kuugeuza wizi kuwa umiliki.

Kanuni inayotumika ni ya kale na ni ileile tunayoitumia Kenya: huwezi kutoa usichokuwa nacho. Uingereza ilikuwa na mwanya mmoja, soko la wazi, ambapo aliyenunua kwa nia njema katika soko linalotambuliwa alipata umiliki kamili hata kama mali iliibwa. Bunge la Uingereza liliufuta mwanya huo mwaka wa 1994.

Kesi inayoonyesha jinsi mambo haya yote yanavyoweza kukutana katika gari moja ni ile ya Ferrari 375-Plus ya mwaka wa 1954, nambari ya chesisi 0384. Ni moja ya magari machache ya aina hiyo yaliyoundwa kwa mashindano, na lilishiriki mbio za Mille Miglia za Italia mwaka huohuo. Baadaye liliishia katika uwanja wa mpenzi mmoja wa magari katika jimbo la Ohio, Marekani, ambapo lilikaa miongo kadhaa likishika kutu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 liliibwa, likavushwa hadi Ulaya, na likanunuliwa na Jacques Swaters, Mbelgiji aliyekuwa dereva wa mashindano na mfanyabiashara mashuhuri wa Ferrari. Swaters alilitengeneza upya. Familia ya Ohio ilibaki na baadhi ya vipande vya asili na madai ya kwamba gari ni lao.

Ugomvi ulichukua miaka. Wote wawili, aliyeibiwa na aliyenunua, walifariki kabla haujamalizika. Mwaka wa 2013 warithi wa pande hizo mbili waliafikiana: gari na vipande vyake viunganishwe, kampuni ya Bonhams ilinadi, fedha zigawanywe. Lilikuwa suluhisho la busara, na Juni 27, 2014, katika tamasha la Goodwood, Uingereza, gari hilo lilipata zaidi ya pauni milioni 10.7 pamoja na ada ya mnunuzi.

Mnunuzi alikuwa Les Wexner, tajiri wa Ohio aliyejulikana kwa maduka ya nguo za wanawake ya Victoria's Secret. Kabla gari halijamfikia, kesi zilifufuka. Wexner alikwenda katika Mahakama Kuu ya London akitaka kurejeshewa fedha zake. Alidai kwamba alihakikishiwa kuwa migogoro yote ya umiliki ilikuwa imekwisha, ilhali kulikuwa na mdai mwingine na kesi iliyokuwa ikiendelea Ohio. Bonhams nayo ikajikuta kati ya mnunuzi anayedai fedha zirudi na wauzaji wanaodai walipwe. Warithi, ambao walidhani nyundo ya Goodwood ndiyo mwisho wa safari yao, wakawa wahusika katika kesi mpya, katika nchi ya kigeni, dhidi ya kampuni ileile waliyoikabidhi mali yao.

Tazama mahali dalali aliposimama. Akimrudishia mnunuzi, wauzaji watamshtaki. Akiwalipa wauzaji, mnunuzi atamshtaki. Akizishikilia fedha, wote watamshtaki. Nani angependa kuwa katika hali hiyo? Lakini pia nani aliyeandika katalogi iliyomfanya mnunuzi ainue mkono?

Christie's ilichagua njia nyingine mwaka wa 2007. Ilikuwa imetangaza kwa vishindo kwamba ingenadi mjini Paris gari la mashindano la Auto Union D-Type la mwaka wa 1939, lililokadiriwa kupata kati ya dola milioni 12 na 15. Siku chache kabla ya mnada kulizuka maswali iwapo nambari za gari hilo ziliafikiana na historia ya mashindano iliyosimuliwa katika katalogi. Kampuni ililiondoa. Kwa kampuni ilikuwa tahadhari inayostahili sifa. Kwa mwenye gari, ni shaka iliyotangazwa duniani na kampuni aliyoiamini kuondoa shaka.

Mizozo ya uhalisi ndiyo mingi zaidi, kwa sababu katika magari haya thamani imo katika nambari. Gari ambalo chesisi, injini na gia zake zote ni zilezile zilizotoka kiwandani linaweza kugharimu mara kadhaa ya pacha wake aliyebadilishiwa injini mwaka wa 1962 na fundi asiyejua kwamba wajukuu wake wangeligombania. Na mlango wa kesi hizi hauchagui cheo. Mchekeshaji Jerry Seinfeld aliuza Porsche 356 ya mwaka wa 1958 kupitia mnada wa Gooding huko Amelia Island, Florida, Machi 2016 kwa dola milioni 1.54. Februari 2019 kampuni iliyolinunua, Fica Frio, ilimshtaki New York ikidai gari hilo si la asili kama ilivyoelezwa. Seinfeld naye aliwashtaki waliomuuzia yeye. Wasomaji watambue ni nani aliyetafutwa kwanza: muuzaji. Mnada ulikuwa umepita kati yao kama upepo.

Vipi basi ikiwa kosa ni la upande wa pili, yaani dalali ameshindwa kutambua thamani na kuuza johari kwa bei ya changarawe? Hapa mahakama za Uingereza hazijawa rafiki wa wauzaji. Katika kesi ya Luxmoore-May, iliyoamuliwa katika rufaa mwaka wa 1990, dalali wa mikoani aliuza michoro miwili ya mbwa wa kuwinda kwa pauni 840. Miezi michache baadaye Sotheby's iliiuza kama kazi ya George Stubbs kwa pauni 88,000. Wauzaji walishindwa. Majaji walimlinganisha dalali wa mikoani na daktari wa kawaida, si bingwa wa maradhi fulani: hatarajiwi kuona kila anachokiona bingwa. Mwaka wa 2015 hata Sotheby's yenyewe, ambayo ni bingwa, ilishinda kesi ya mtu aliyedai iliuza kwa pauni 42,000 mchoro aliouamini kuwa wa Caravaggio.

Kwa maoni yangu, hukumu hizo zina funzo moja kwa mwenye gari la kale ambalo mawakili hawalitilii mkazo wa kutosha. Kampuni inayojitangaza kuwa bingwa wa Ferrari au Bugatti hupimwa kwa kipimo cha bingwa. Ile ya mtaani hupimwa kwa kipimo cha mtaani. Kuokoa asilimia mbili za kamisheni kwa kwenda kwa dalali mdogo ni kununua pia haki ndogo.

Kuna mtego mwingine: mnada usio na kima cha chini. Wauzaji hushawishiwa kuukubali kwa hoja kwamba huwavuta wanunuzi wengi, jambo ambalo mara nyingi ni kweli. Lakini kesi ya Barry na Davies, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka wa 2000, inatisha. Mashine mbili mpya za kupima injini, kila moja ikiwa na thamani ya takriban pauni 14,000, zilinadiwa bila kima cha chini. Dau pekee likawa pauni 200 kwa kila moja. Dalali aliona huo ni upuuzi, akaziondoa na kuziuza kwingine kwa pauni 750 kila moja. Mahakama ilisema alikuwa amemwahidi aliyetaja dau la juu kabisa kwamba atauziwa, na dalali akatozwa fidia ya pauni 27,600. Baada ya hukumu hiyo, ni dalali gani atakayezuia nyundo yake ili kumwokoa muuzaji siku ambayo mvua imenyesha na ukumbi uko nusu tupu?

Wasomaji watauliza haya yanatuhusu nini Kenya. Yanatuhusu zaidi ya watu wachache wanaoonyesha Peugeot na Alfa Romeo zao katika Concours d'Elegance pale Ngong. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, imeigwa kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1893, na hukumu za London, ingawa haziwafungi majaji wetu, husomwa na kunukuliwa Milimani. Anayemkabidhi dalali shamba, trekta au matatu ana haki zilezile na mashaka yaleyale.

Tofauti ni kwamba hapa tuna Sheria ya Madalali ya mwaka wa 1996, iliyounda Bodi ya Kuwapa Madalali Leseni. Mwananchi aliyekosewa anaweza kulalamika kwa bodi hiyo, na dalali anaweza kuadhibiwa au kufutiwa leseni bila mlalamishi kwanza kuuza ng'ombe ili kumlipa wakili. Ilitungwa ikiwalenga hasa wale wanaobeba viti na televisheni za wadaiwa, lakini ni kinga ambayo muuzaji anayepeleka gari ng'ambo hana.

Nayo minada ya mtandaoni inazidi kuyasogeza mambo mbali na kanuni ya Cristallina. Tovuti ya Marekani ya Bring a Trailer, iliyoanzishwa 2007 na kununuliwa na kampuni ya Hearst mwaka wa 2020, huuza maelfu ya magari ya kale. Katika mpango wa aina hiyo, tovuti haimshiki muuzaji mkono kama wakala wake. Inatoa jukwaa tu. Mkataba wa mauzo ni wa muuzaji na mnunuzi, na wakikosana wanabaki wao wawili. Ada ni ndogo, na wengi wameridhika. Ila wajibu ule wa uaminifu ambao majaji wa New York waliutetea mwaka wa 1986 unahitaji kwanza pawepo na wakala.

Mwenye gari wa Karen au Nyali anayefikiria kulipeleka lake Monterey au Goodwood aombe mkataba wiki kadhaa kabla ya meli kung'oa nanga. Kifungu cha kusoma kwanza kwa kawaida huwa karibu na mwisho, na hutaja ni mahakama ya nchi gani itakayosikiliza kesi.